Neuland: Herufi Iliyovishwa Ngozi

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani za mashairi na tamthiliya. Leo naomba radhi kwa wakubwa zangu wa ukumbi huu, maana nataka kuhakiki kitu ambacho sote hukitazama kila siku bila kukiona. Nataka kuhakiki herufi. Sisemi maneno, nasema herufi zenyewe: umbo lake, unene wake, ile nguo tunayoyavisha maneno yetu kabla hayajatoka nje kwenda kukutana na watu.

Sababu ninayo. Jalada la toleo letu lililopita wengi mlilipenda. Herufi nene, nyeusi tii, zenye kingo kama zilizokatwa kwa panga butu, zinachezacheza kama watoto waliopangwa mstari wakashindwa kutulia. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watano tuliokaa kuzichagua, na mkono wangu ndio ulionyanyuka wa kwanza. Nilisema, "Hizi zina damu." Tukapitisha.

Wiki mbili baadaye nikapita kwa muuza vitabu mmoja wa kandokando ya Mtaa wa Samora, ambaye tulimwachia nakala kumi. Nikatafuta penye hadithi, hatupo. Nikatafuta penye majarida, hatupo. Kumbe tumewekwa upande wa pili, pamoja na ramani za mbuga za wanyama na kadi zenye picha za twiga. Nikamuuliza, "Kaka, mbona umetuweka huku?" Akanijibu bila hata kuinua macho: "Si cha watalii hicho? Kimeandikwa kitalii."

Ndani ya toleo lile mlikuwamo hadithi ya karani wa benki anayekosa usingizi kwa sababu ya deni, mashairi mawili ya mapenzi, na insha juu ya Kezilahabi. Twiga hata mmoja hamna. Lile neno "kimeandikwa kitalii" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana naandika, na nitafuata njia tuliyofundishwa shuleni: historia ya msanii, fani, maudhui, kisha kufaulu na kutofaulu.

HISTORIA YA MSANII

Herufi zile zinaitwa Neuland, neno la Kijerumani lenye maana ya "ardhi mpya". Aliyezitengeneza ni Rudolf Koch, Mjerumani aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1876 na kufariki mwaka 1934. Alikuwa fundi wa mwandiko katika kiwanda cha kufua herufi cha ndugu wa Klingspor, mjini Offenbach, kando ya mto Main. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza kama askari wa kawaida, akarudi kwenye meza yake. Alikuwa Mkristo mcha Mungu ambaye sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa kuandika maneno ya Biblia kwa mkono, na alizipenda mno zile herufi nyeusi za kale za Wajerumani, zenye kona na ncha.

Neuland ilitoka mwaka 1923. Ili msomaji aelewe utundu wa Koch, hana budi kujua herufi za risasi zilivyokuwa zikitengenezwa. Kwa kawaida msanii alichora herufi kwenye karatasi. Fundi akaichonga kwenye ncha ya kipande cha chuma, ikawa kama muhuri. Muhuri ule ukapigwa kwenye shaba laini, ukaacha shimo lenye umbo la herufi. Shimo hilo ndilo kalibu, na humo ndimo ilimomiminwa risasi iliyoyeyushwa. Kila saizi ya herufi ilihitaji muhuri wake.

Koch aliiruka hatua ya kwanza. Hakuchora. Alishika chuma na zana zake akachonga moja kwa moja, jicho na mkono, kama mchonga vinyago anavyoanza na gogo. Matokeo yake, A ya saizi ndogo haikulingana na A ya saizi kubwa. Zilifanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja ilikuwa na pua yake. Kwa macho yake yeye, alikuwa akiipa uhai mpya ile herufi nyeusi ya kwao. Afrika haikuwamo katika hesabu hiyo. Alikuwa akitafuta mkono wa Mjerumani ndani ya chuma cha Mjerumani.

FANI

Tuanze na umbo. Neuland ina herufi kubwa tu, herufi ndogo haina kabisa. Miguu yake ni minene, inapanuka kidogo kuelekea mwisho kama mguu wa kinu. O yake si duara la bikari, ina kona kona, kama tunda lililomenywa kwa kisu. Nafasi nyeupe ndani ya herufi ni finyu, na ukizipanga pamoja unapata ukuta wa weusi wenye nyufa chache za mwanga. Anaye pia ndugu yake, ambaye ndani ya kila mguu amepitishiwa mstari mwembamba mweupe.

Uzuri wake, kwa maoni yangu, uko katika kitu kimoja: unaiona kazi. Herufi nyingi za vitabuni zinaficha jasho la aliyezitengeneza, na hilo ni jambo jema, maana msomaji wa riwaya hataki kukumbushwa fundi kila mstari. Neuland haifichi. Hapa zana iliteleza, hapa mkono ulikaza. Ni herufi yenye sauti ya mtu anayeongea kwa nguvu lakini anatabasamu.

Sasa twende kwenye dosari ya fani, na dosari hii Kiswahili ndicho kinachoifichua vizuri. Chukua kompyuta yoyote yenye herufi za mtindo huu, uandike neno BARABARA. Una A nne, B mbili, R mbili. Tazama vizuri. A ya kwanza imepinda mguu wa kulia. Ya pili imepinda mguu wa kulia. Ya tatu, palepale. Ya nne, palepale! Sasa huo ni upindaji gani wa mkono unaorudiwa mara nne bila kukosea hata nywele? Kovu likirudiwa mara nne ni chapa tu.

Nitende haki: hata kwa Koch mwenyewe, ndani ya saizi moja A zote zilitoka kwenye muhuri mmoja. Utofauti wake ulikuwa baina ya saizi na saizi. Lakini ukurasa wa bango ulipochanganya saizi tatu, ulikuwa na A tatu za kweli. Leo kwenye kompyuta mchoro mmoja unakuzwa na kupunguzwa kwa saizi zote, na ule utofauti aliouhangaikia umekwenda na maji. Kijerumani kinaweza kulificha jambo hili kidogo kwa sababu ya konsonanti zake nyingi. Kiswahili karibu kila silabi inadai irabu, na irabu zetu ni tano tu. Lazima zirudi, na zikirudi zinaumbua. Andika KARIBU TANZANIA uhesabu A mwenyewe.

Kisha mpeleke neno lilelile fundi wa mabango, yule anayeandika BUCHA na SALUNI. Atakupa A nne tofauti bila kujua kwamba ametofautisha. Ya mwisho itakuwa nyembamba kwa sababu ubao umemwishia. Huo ndio mkono.

MAUDHUI

Wapo watakaosema, "Bwana wee, herufi ni herufi tu, haina maudhui." Nawauliza: mbona tangazo la msiba haliandikwi kwa herufi za kwenye daladala? Mbona wakili hapeleki kibao chake kiandikwe kwa herufi za pipi? Tunajua sote. Hatukufundishwa, lakini tunajua. Herufi inasema kabla neno halijasema.

Basi Neuland inasema nini? Ukiitazama peke yake inasema: nimechongwa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasanii wa Ujerumani walikuwa wameshapenda picha za kuchonga kwenye mbao. Kundi la Die Brücke, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, lilivutiwa na vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki walivyoviona kwenye makumbusho yao, nalo likachonga picha zenye kona na weusi mzito. Katika macho ya watu wa huko, naona, mnyororo ukajifunga hivi: chenye kona kimechongwa, kilichochongwa ni cha kale, cha kale ni cha porini, cha porini ni cha Mwafrika. Kila pete ya mnyororo huo ni dhaifu, lakini ukiuvuta kwa haraka haukatiki.

Mwaka 2004 Mmarekani Rob Giampietro aliandika makala juu ya Neuland na mwenzake aitwaye Lithos, akionyesha jinsi herufi hizi zilivyogeuzwa sare ya vitabu na matangazo yanayohusu watu weusi, na ya kila kitu kinachotakiwa kionekane cha mbali na cha kishenzi. Hiyo Lithos ndiyo kichekesho chenyewe. Iliundwa na Carol Twombly wa kampuni ya Adobe mwaka 1989, kwa kuyatazama maandishi ya Wagiriki wa kale kwenye mawe. Wagiriki! Watu wa Plato! Nayo pia ikaishia kwenye ngoma na ngozi ya chui.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Ile alama yake yenye mifupa ya dainosaria ina jina lililoandikwa kwa Neuland, ile yenye mstari mweupe ndani. Hadithi yenyewe inatokea katika kisiwa cha kubuni karibu na Costa Rica. Hebu tuweke pamoja: mjusi mkubwa aliyekufa miaka milioni 66 iliyopita huko Amerika, na kijana mweusi aliyeandika riwaya jana usiku, wanavaa shati moja. Wana undugu gani hawa wawili? Undugu wao uko kichwani mwa anayewatazama, naye amewaweka wote kwenye kabati moja lililoandikwa "wasio sisi".

Ndipo nikamwelewa yule muuza vitabu. Hakukosea, bwana! Alisoma vizuri kabisa. Amekwishaona vitabu vya picha, vipeperushi vya safari na fulana za uwanja wa ndege, vyote vimevaa hivyo. Alisoma herufi zetu kama zilivyofunzwa kusema, akatupeleka zilikosema twende. Aliyekosea ni mimi niliyenyanyua mkono.

Mwaka 2005 Binyavanga Wainaina alichapisha katika jarida la Granta insha yake ya kejeli juu ya namna ya kuandika kuhusu Afrika, akawacheka wanaoona jua na wanyama wasione watu. Wengi wetu tumeisoma tukacheka mpaka machozi. Tukajisifu kwamba sisi hatuandiki hivyo. Kumbe ndani hatuandiki hivyo, lakini nje tunajivisha hivyo, na kwa hiari yetu!

KULINGANISHA

Mhakiki mzuri hulinganisha. Niweke mbele yenu kazi mbili.

Ya kwanza ni ya John Muafangejo, Mnamibia aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 1987, aliyesoma katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini. Alichonga picha kwenye linoleamu, nyeusi na nyeupe, na ndani ya picha hizohizo akachonga maneno kwa herufi kubwa: habari za maisha yake, za kanisa, za vita, za upweke. Hizo ni herufi zilizochongwa na Mwafrika kweli, kwa kisu kweli. Zinafanana na Neuland? Kidogo sana. Zinabanana, mstari unapanda, neno linakatwa katikati kwa sababu nafasi imekwisha. Hazijipambi ili zionekane za Kiafrika. Zina haraka, kwa sababu kuna jambo anataka kusema na ubao ni mdogo.

Ya pili ni kanga. Mama zetu wameivaa herufi kubwa miaka mingi kabla hatujajua neno fonti. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina lile zamani liliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha likaja kwenye herufi za Kirumi. Herufi za kanga hazina mbwembwe. Nyingi ni kubwa, wima, wazi, zisomeke hata kwa mpita njia wa upande wa pili wa uchochoro. Kwa nini? Kwa sababu maneno yenyewe ndiyo yenye makali. Jirani anayetupiwa kijembe hahitaji herufi yenye kona. Atachomwa na neno.

Hapo nikajifunza kitu ambacho sikufundishwa darasani. Tuna mtindo wetu wa herufi, tena wa siku nyingi. Upo kwenye kanga, kwenye vibao vya maduka, kwenye migongo ya daladala, na kwenye majalada ya riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980, ambayo mengi yalichorwa na fundi, picha na jina kwa mkono mmoja. Mtindo huo ni wa mijini, una haraka, una ucheshi, una makosa. Sisi tukauruka tukaenda kununua ushenzi wa kutengenezwa, eti ili tuonekane wenyeji.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Koch amefaulu. Nasema hivyo bila kusita. Alitaka herufi yenye alama ya mkono, akaipata. Mpaka leo, karne moja imepita, ukiitumia kwa neno moja au mawili kwenye bango kubwa, hakuna macho yatakayopita bila kusimama. Ningeitumia kwa tamasha la ngoma? Ningefikiri mara mbili, kwa sababu nilizokwisha kusema. Ningeitumia kwa maonyesho ya michoro ya mbao? Ndiyo, hapo iko nyumbani. Ningeitumia kwa kibao cha mkahawa wa Kijerumani? Kwa moyo wote! Nani alisema ngozi ya chui ni yetu peke yetu?

Haifaulu inapotakiwa kunong'ona. Herufi isiyo na ndugu mdogo haiwezi kushusha sauti. Andika kwa Neuland ROSA MISTIKA, jina la riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971. Yule binti wa Ukerewe, na mzigo wote wa baba na dunia alioubeba, atageuka kitu cha kuwindwa. Andika jina la shairi la mapenzi, mpenzi atakimbia.

Tumeshindwa sisi watumiaji. Kisu hakina hatia kwa aliyechinjwa, lakini aliyekishika hawezi kusema hakujua kina makali. Mchapishaji wa mbali anayemvisha kila mwandishi mweusi herufi hizi amevivu kufikiri. Sisi wa hapa tunaojivisha wenyewe tumemrahisishia kazi. Na hili si jambo la urembo tu. Zile nakala kumi za Mtaa wa Samora, tisa zilirudi. Karani wetu wa benki hakusomwa na makarani, ambao ndio alioandikiwa. Watalii nao walimfungua, hawakuona twiga, wakamrudisha. Hadithi ikafa kati ya wasomaji wawili, kwa sababu ya nguo.

Nakiri na la kwangu. Riwaya yangu bado iko kwenye madaftari manne, haijapata mchapishaji. Lakini jina lake nilikwisha kulipiga kwenye kompyuta ya rafiki, kubwa, katikati ya ukurasa, kwa Neuland, nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Miezi minane nimelala chini yake. Juzi nimelibandua. Pale ukutani pamebaki mstatili mweupe kuliko sehemu nyingine, na kusema kweli unanipendeza zaidi.

HITIMISHO

Toleo lijalo litakuwa na sehemu ya pili ya hadithi ya karani. Kwa idhini ya Mhariri nilitumwa kwa fundi mmoja wa mabango karibu na kituo cha daladala, mtu mzima mwenye mvi, nimwombe atuandikie jina la hadithi, DENI, kwa brashi kwenye karatasi, nasi tutalipiga picha.

Nikamkuta anamalizia kibao cha muuza mkaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akanisikiliza, akafuta mikono kwenye suruali. Nilitegemea aulize bei, au saizi, au rangi. Katika kikao kile cha watu watano tuliobishana saa nzima juu ya herufi zenye damu, hakuna aliyeuliza alichouliza yeye.

"Hadithi yenyewe inahusu nini, mwanangu?"

Nikamsimulia. Karani, mkopo, mke asiyejua, usiku. Akasikiliza mpaka mwisho huku brashi imening'inia. Halafu akaitazama ile nakala yetu ya zamani niliyokuwa nimeishika, akatikisa kichwa.

"Hizi hapana," akasema. "Ni nene mno. Mtu mwenye deni hanenepi."